Mkono wa Masele

Wasukuma wa Usagara wanajua kupokea mgeni. Wanachojua zaidi ni kumkumbusha kwamba ni mgeni, hata kama ameishi nao miaka ishirini, amezika nao, na Kisukuma anakiongea kuwazidi watoto wao waliokulia mjini. Ojuok hakuambiwa hilo na mtu. Aliliona mwenyewe tangu alipofika kutoka Shirati na mkewe Akelo, akiwa ameuza nyavu zake kwa hasira baada ya ziwa kumnyima samaki misimu mitatu mfululizo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Masele, mwenyeji wake, hakungoja hiyo ya tatu. Alimpa Ojuok jembe jioni ile ile, na kesho yake akampeleka kwenye mteremko wa kilima nyuma ya boma lake.

"Lima hapa mpaka uchoke," alimwambia. "Mihogo, viazi, choroko, chochote. Ila mti usipande."

Hakuhitaji kueleza. Mahindi yanavunwa na ardhi inarudi kwa mwenyewe, lakini anayepanda mti amesema mbele ya watu kwamba hapa ni pangu, na wajukuu zake watakuja kuonyesha shina. Mtu aliyeazimwa shamba akapanda mti, hata uwe mmoja wa kivuli, huhesabiwa mwizi asiye na haraka. Ojuok alikubali, akalima, wakawa marafiki.

Juu ya mteremko huo kulikuwa na ngitili ya Masele, malisho yaliyofungwa tangu enzi za baba yake, ambayo ng'ombe hawakuingizwa mpaka kiangazi kikali. Migunga iliyobaki humo ilikuwa michache, mingine ilishageuka mkaa. Ojuok alitundika mizinga yake hapo, na kwa kweli aliwapenda wale nyuki kuliko alivyowahi kumpenda samaki. Shida ilikuwa moja. Migunga ikichanua nyuki wanajaa, maua yakiisha wanahama, na mwaka mwingine anaanza upya na mizinga iliyojaa buibui.

"Nahitaji miti ya maua," alimwambia Masele. "Inayopokezana. Huu ukimaliza, ule unaanza."

"Mjaluo wewe," Masele akacheka. "Nimekupa jembe, sasa unataka kilima."

Lakini alilala na neno lile siku tatu, na ya nne alikuja na jibu lake, anacheka peke yake njiani. "Otesha wewe. Chimba wewe. Mwagilia wewe. Ila mche uingie shimoni kwa mkono wangu. Hapo nani atasema umepanda?"

Walicheka mpaka wakashika magoti. Waliona wameizidi mila akili. Mila ilinyamaza tu, maana yenyewe haina haraka.

Miaka kumi na miwili walifanya hivyo. Ojuok aliotesha kaliandra, mikrosia na migunga, yote miti inayopendwa na nyuki, kwenye viriba vya nailoni nyuma ya jiko, na Akelo akawa analalamika kila kiangazi kwamba maji ya kuoga yananywewa na miche. Mvua za Novemba zikianza, Masele alipanda kilimani na shati lake la kanisani, kama mtu anayekwenda kushuhudia ndoa. Ojuok alichana kiriba, akampa mche, Masele akainama, akauweka shimoni, akasema kwa sauti, "Nimepanda." Kisha akahamia shimo la pili. Mkewe Ng'washi alikaa juu ya jiwe na chupa ya uji, shahidi wao pekee, akiwaambia kwamba wazee wawili wamepata mchezo wa kitoto.

Magoti ya Masele yalipoanza kumsaliti, Ojuok alimshika kiunoni na kumshusha taratibu mpaka mkono ufike chini. Mwaka wa mwisho alipandia akiwa amekaa kwenye kigoda, miche kumi na miwili tu, na kwa kila mmoja alisema, "Nimepanda," ingawa pumzi ilikuwa haitoshi. Ojuok angeweza kupanda ile miche kwa dakika kumi na hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo, kwa sababu alikuwa amekubali.

Na kilima kikajibu. Kaliandra zilichanua nyekundu wakati wa ukavu, migunga ikapokea, mikrosia ikafuata, na nyuki wakaacha kuhama. Ndoo ya kwanza ya asali ilikwenda kwa Masele kila msimu bila kukosa, na katikati ya msimu Ng'washi alikuja na kopo lake la bluu kuongezewa kidogo. Revocatus, kifungua mimba wao, mwenye duka la vipuri Buzuruga mjini, akija nyumbani alipita kwanza kwa Ojuok. "Shikamoo baba mdogo. Asali ipo?"

Masele alikufa mwezi wa tano. Alizikwa bomani kwake, karibu na baba yake. Watu walipokwenda kula, Ojuok alibaki peke yake pale kaburini na mche mmoja wa mgunga uliokuwa umesalia kitaluni. Alikuwa ameubeba tangu asubuhi bila kujua anaupeleka wapi. Alipiga magoti, akafukua kwa vidole upande wa kichwani, akaupanda. Alikuwa analia. Mtu anayelia namna ile hakumbuki masharti ya kuazimwa shamba.

Revocatus alikuwa barazani anamtazama.

Kesho yake asubuhi Ojuok aliukuta ule mche umetupwa njiani, mizizi juu. Akajiambia ni mbuzi. Alijua mbuzi hang'oi mche na bonge lake la udongo, lakini alijiambia hivyo hivyo, kwa sababu lile jambo lingine lilikuwa zito mno kulibeba siku moja baada ya maziko.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa uani. Shigela, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza kikao. Waligawana yaliyogawanyika, kisha Revocatus akasimama.

"Mzee Ojuok," alisema, na kwa hilo neno "mzee", Ojuok akajua kwamba ubaba mdogo umezikwa pamoja na Masele. "Tulikuona ukipanda mti kwenye kaburi la baba yetu. Ndani ya boma letu. Tunataka kujua una maana gani."

"Nilikuwa nalia, mwanangu."

"Watu wote walikuwa wanalia. Aliyepanda mti ni wewe." Revocatus akawageukia wazee. "Leo kaburini, kesho atatuambia na kile kilima ni chake. Tangu daraja la Kigongo liishe kujengwa, watu wa mjini wanatafuta viwanja huku kila siku. Tusimsubiri."

Ojuok akasimama na kueleza. Alieleza viriba, mashimo, ndoo za maji, na mapatano yake na Masele. Alieleza vibaya, maana mambo ambayo watu wawili walikuwa wanayachekea ni magumu kuyaeleza mbele ya watu wasiocheka.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Shigela alisema. "Masele hawezi kutuambia mlipatana nini. Tukuulize jambo moja tu, utujibu mbele ya Mungu. Ile miti ya kilimani, ni mkono wa nani ulioipanda?"

Ojuok akamtazama Ng'washi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, hatua sita kutoka pale, na alijua kila kitu. Jiwe alilijua, uji ulikuwa wake, na yale maneno "Nimepanda" aliyasikia mara mia kadhaa. Neno lake moja lingetosha. Ng'washi alikuwa anakunja pindo la kanga yake, anakunja, anakunjua, anakunja tena.

Ojuok akisema ni mkono wake, atakuwa amemgeuza Masele mwongo na yeye mwenyewe mwizi. Akisema ni mkono wa Masele, amejimaliza.

"Mkono wa Masele," alisema.

"Basi umetusaidia," Shigela akasema, na watu wakapumua.

Ojuok hakukaa. "Ardhi siitaki, sijawahi kuitaka. Naomba miti ibaki tu. Kama haiwezekani, subirini maua yaishe. Wiki sita. Kaliandra ndiyo zinaanza kuchanua, na kiangazi hiki nyuki hawana chakula kingine."

"Ni miti ya baba yangu, umesema mwenyewe," Revocatus akajibu. "Nitakata lini, hiyo ni juu yangu. Mizinga ni yako, ibebe."

Ojuok alihamishia mizinga yake ukingoni mwa shamba lake, na haukupita mwezi wakaja vijana na misumeno ya mnyororo. Walianzia juu kwenye ngitili, wakashuka na mteremko. Siku mbili zilitosha kuilaza miaka kumi na miwili, na magogo yakapangwa tayari kuchomwa mkaa.

Asubuhi ya siku ya tatu Ojuok alipanda kutazama. Alitegemea kukuta kimya. Akakuta mlio ule ule, mzito, wa kazi. Nyuki walikuwa kwenye matawi yaliyolala chini, wamejaa kwenye maua mekundu yaliyokuwa hayajajua kwamba yamekufa. Wanaingia, wanatoka, wanarudi mzingani na miguu imejaa chavua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari. Ojuok alikaa juu ya jiwe la Ng'washi akawatazama mpaka jua likapanda. Aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyewadanganya.

Siku mbili baadaye maua yalikauka. Nyuki bado walikuja. Walizunguka hewani, juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo vilele vya miti vilikuwepo, wanatafuta. Wiki iliyofuata mizinga ilikuwa mitupu. Masega machache waliyoyaacha Ojuok aliyarina kwa uchungu, akapata asali ya kujaza chombo kimoja.

Kisha Ng'washi akaja na kopo lake la bluu.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimia kwa Kisukuma kutoka mlangoni, bila kuingia. "Mtoto wa Revocatus wamemleta kwangu. Anakohoa, halali."

Akelo alisimama na mwiko mkononi, na si wa kukoroga. Ojuok akamwashiria akae.

"Mbona hukusema?" alimuuliza Ng'washi. Alikuwa amemchukia yule mama kuliko alivyomchukia Revocatus, na sasa alitaka kumsikia. "Ulikuwepo miaka yote. Neno moja tu, shemeji."

Ng'washi alilitazama kopo lake.

"Ningesema, halafu ningelala wapi? Ile nyumba sasa ni ya Revocatus. Wewe umekaa hapa miaka ishirini, mimi nimeolewa hapa miaka arobaini na moja." Akalihamishia kopo mkono mwingine. "Ulidhani kwa nini nilikuwa nakaa kwenye jiwe? Hata mimi sikuruhusiwa kupanda."

Ojuok alitamani hasira yake ibaki pale pale ilipokuwa, maana ilikuwa imemsaidia kusimama wima, lakini ilikuwa imepoteza mtu wa kumkalia. Aliingia ndani, akatoka na chombo, akamimina kwenye kopo la bluu mpaka likajaa, akainamisha chombo mpaka tone la mwisho likaanguka.

"Ndiyo yote," alisema. "Mwambie mwanao mtoto atapona. Na umwambie asije kuulizia nyingine. Hiyo ni ya miti ya baba yake."

Ng'washi alipokea kwa mikono miwili, akaondoka polepole, anaangalia lisimwagike. Hakugeuka nyuma, na Ojuok hakumlaumu kwa hilo.

Nyuma ya jiko kulikuwa na viriba mia mbili. Mbegu alizifukia kabla Masele hajafa, na sasa zilikuwa zimeota, majani mawili mawili, zinangoja Novemba. Jua la saa nne lilikuwa limeanza kuzilegeza. Akelo aliinua ndoo ya maji, akaenda nayo kwa mazoea, akafika pembeni ya kitalu, akasimama.

"Baba," aliita. "Niimwagilie?"

Ojuok aliitazama miche, akamtazama mkewe.

"Hapana," alisema. "Leo oga."