Kesi ya Ukuta wa Ernestina

Ernestina, muuguzi wa zahanati ya Hirbadaw, alikuwa anasonga ugali wa jioni katika jiko lake jipya alipoona ukuta wa nyuma ya mafiga umetoa miguu. Ilikuwa miguu miwili ya mtu mzima, mirefu, yenye vumbi, imevaa ndara za ngozi ya ng'ombe. Alisogeza sufuria isije ikaiunguza. Kisha akaenda sebuleni kuangalia, na kweli, kiwiliwili kilichobaki kilikuwa kule. Kilikuwa cha mzee wa Kibarbaig mwenye shuka nyeusi, ametokeza ukutani kuanzia kiunoni, kando ya dirisha.

"Shikamoo mzee," alisema Ernestina.

"Marahaba," alijibu mzee, na Kiswahili chake kikaishia hapo.

Ernestina alikasirika. Hakumkasirikia mzee, mgeni ni mgeni. Alimkasirikia fundi Tadei, ambaye alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba nyumba ile itakuwa kazi safi. Na nyumba yenyewe hakuijenga kwa maringo. Aliijenga ili amchukue mama yake, Mama Helena, kutoka Nambis, ambako mkwe wake alikuwa anamlaza upande wa mbuzi na kumwekea chakula kilichopoa. Bibi wa watu hakuwa na kosa lolote ila kuzeeka.

Mama Helena aliletwa kuiona nyumba. Alisifu bati, akasifu madirisha, akaoneshwa chumba chake chenye kitanda kipya kilichokuwa bado kimefungwa nailoni. Jioni mzee alipotokeza, alisalimiana naye vizuri, akanywa chai yake yote, halafu akaomba apelekwe kwenye basi asubuhi.

"Nyumba nzuri, mwanangu," alisema. "Ila ina mwenyewe. Siwezi kuhamia kwa mwanamume nisiyejua ukoo wake, tena aliyekatwa vipande viwili. Mrekebishie kwanza, nitakuja."

Tadei alipoitwa alikuja na maneno mengi kuliko saruji. Eti dada, kuta mpya ndivyo zilivyo, zikikauka ataingia. Alipiga lipu sebuleni, akapiga na jikoni, akaondoka anapiga mluzi. Jioni mzee alitokeza kama kawaida, lipu imemganda puani, na Ernestina akamfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kesho yake alikwenda mahakama ya mwanzo kumshtaki fundi kwa kazi mbovu.

Kesi ikaanza kupigwa danadana. Mara hakimu Nicodemo ana malaria, mara gari halina mafuta, mara mdaiwa amefiwa na shangazi ambaye alishamfia mwaka jana. Kila ilipoahirishwa Ernestina alituma salamu Nambis: mama vumilia, bado kidogo tu. Mama Helena naye alirudisha salamu kwamba anavumilia, ila kifua kinabana na mbuzi wanakohoa.

Mwishowe hakimu alikuja mwenyewe kuuona ukuta, na wazee wawili wa mahakama nyuma yake. Wakamwamkia mzee. Wakapima kwa futi kamba pale alipotokezea, wakaenda jikoni wakapima na pale palipotoka miguu, wakakubaliana kwamba kweli mtu ni mmoja. Kwa kuwa mzee hakujua Kiswahili, hakimu aliagiza atafutwe mkalimani. Akaletwa mchungaji aliyekuwa analisha ng'ombe wachache kando ya barabara, mtu mzima aitwaye Gidabuday.

Gidabuday aliingia, akatazama ukutani, akaweka fimbo yake chini.

"Huyu ni baba yangu," alisema.

Akaieleza mahakama taratibu. Baba yake alipokufa alipewa mazishi makubwa, yale wasiyopewa wazee wote. Watu wa ukoo walikanda udongo kwa samadi, wakalijenga kaburi lake tabaka juu ya tabaka kwa miezi mingi, mpaka likawa tuta refu kumpita mtu, nao wakaliimbia. Kisha lilikuja shamba la ngano la serikali. Trekta zililima malisho, zikalima maboma, zikalima njia za kwenda majini, zikapita na juu ya tuta. Gidabuday alipokwenda kulitafuta alikamatwa kwa kuingia shambani bila ruhusa, akala kifungo.

"Mdaiwa, udongo wa matofali uliutoa wapi?" aliuliza hakimu.

Tadei hakuona haya. "Mheshimiwa, niliutoa palepale. Sikuchimba kaburi, Mungu ananiona. Lilikuwa kaburi kabla ya trekta. Trekta ilipopita likawa shamba. Na udongo nao ulikuwa umeshakandwa na wenyewe, unashika vizuri ajabu. Nikafyatua matofali ya tanuru moja, mengine nikaweka sebuleni, mengine jikoni."

Wazee wa mahakama walitikisa kichwa kukubali, maana wilaya nzima ilikuwa inalijua jambo hilo: trekta ikishapita, kilichokuwapo hakikuwapo. Ndipo mzee akasema kitu kwa lugha yake, kirefu, bila kupandisha sauti.

"Anauliza," alisema Gidabuday, "ni nani aliyelima nyumba yake, na atashtakiwa lini."

Hakimu alifunga futi kamba. Alisema hayo hayamo katika madai. Madai yaliyoko mbele yake ni ya ukuta, na mahakama ya mwanzo haina mamlaka juu ya shamba la serikali. Alimwomba mzee radhi kwa adabu zote, na mzee akarudi ndani ya matofali.

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Tadei alipatikana na hatia ya kumgawa mtu mmoja katika kuta mbili bila makubaliano na mwenye nyumba, akaamriwa ayatoe matofali yote na kujenga upya. Mama Helena alikuwa amezikwa Jumanne, Nambis, baada ya kukutwa asubuhi amepoa upande wa mbuzi. Ernestina alilia palepale mahakamani, akalia kwa sauti, kanga mdomoni. Hakimu alidhani hakuridhika, akamkumbusha kwamba ana haki ya kukata rufaa.

Tadei aliyabomoa matofali. Ernestina na Gidabuday wakayapakia juu ya punda, wakayapeleka shambani ili mzee arudi kwake. Ngano ilikuwa imeota kijani, imefunika kila kitu hadi karibu na mlima. Mlinzi aliwasimamisha njiani.

"Matofali ya nini shambani?"

"Ni baba yangu," alisema Gidabuday.

Mlinzi alimtazama mzee, ambaye alikuwa ametoa kichwa juu ya mzigo kutazama huku na huku. Akamwamkia. "Baba yako hana kibali," alisema. "Na wewe ulishafungwa mara moja, usinitafutie balaa."

Wakageuza punda. Tadei akamjenga mzee tena sebuleni, safari hii kichwa na miguu mahali pamoja, uso unatazama dirishani. Kazi ilikuwa nzuri kweli, hata Ernestina alikiri, ila ilimuuma kwamba imekuja wakati hakuna wa kuihitaji.

Tangu hapo Gidabuday alikuwa anakuja kila jioni. Alisimama mlangoni akipiga hodi, kwenye nyumba ya mtumishi wa serikali, ili aruhusiwe kumwona baba yake. Ernestina alimkaribisha, akampa chai, akakaa jikoni ili wazungumze.

Siku moja, msimu wa kulima ulipofika na trekta zikawa zinasikika tangu asubuhi, Gidabuday alimfuata jikoni na kikombe chake.

"Muuguzi," alisema, "mimi nikifa watanizika kando ya barabara, maana ndiko tulikoachiwa. Na huko nako wameshapiga vigingi vya shamba. Naomba udongo wangu uchukuliwe mapema, kabla trekta haijafika."

"Nimwambie Tadei?"

"Mwambie. Asinigawe."

Ernestina alinawa mikono, akaufungua mlango wa chumba cha mama yake. Kitanda kilikuwa bado na nailoni yake. Alikisukuma kando, akamwonesha ukuta unaotazama mlimani.

"Huu haujapigwa lipu," alisema. "Anaweza kutoa matofali haya, akakuweka wewe. Hakuna mtu anayekuja kulala humu."

Gidabuday aliugusa ukuta kwa kiganja. Akageuka, akasimama wima, akauegemeza mgongo kupima kimo, akasema panamtosha.