Vidonge vya Baba

Muuguzi alipovuta pazia la chumba cha dharura, alimkuta baba yake mzazi amejikunja kitandani, shati limelowa matapishi ya damu. Pembeni alisimama kaka yake muuguzi, aliyefukuzwa nyumbani na mzee kwa sababu ya bangi.

“Umekunywa nini, baba?”

“Bia kidogo tu. Na vidonge vya maumivu, kichwa kilinigonga.”

“Vingapi?”

“Ah, ni vya dukani tu! Hata watoto wanapewa.”

Muuguzi alishusha pumzi. “Baba, bia na hivyo vidonge ndivyo vilivyokuchubua tumbo. Kila siku napokea watu kama wewe. Wa bangi nawaona kwa nadra.”

Kaka akachekelea.

“Nawe usichekelee! Juzi ulimsahau mtoto wako shuleni, macho mekundu kama pilipili.”

Mzee akainua kidole kwa taabu. “Mtoe huyo mvuta bangi. Ananitia aibu.”

“Ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka hapa!” muuguzi alifoka, akamchoma sindano ya dripu bila kumbembeleza.

Mzee akatazama ukutani. Baadaye akamuuliza mwanawe wa kiume, kwa sauti ndogo, kama amekula.