Nyota ya Profesa Urrutia

Kwenye kompyuta, Herminia Zabaleta alikuwa amefika picha ya arobaini na moja ya usiku wa tatu. Aliweka alama kwenye asteroidi, jiwe lile la angani, kisha kwenye nyota tano za jirani, moja baada ya nyingine, akaandika daftarini mwanga wa kila moja. Profesa Urrutia, mwenye picha hizo, alikuwa ameilinganisha asteroidi na nyota moja tu kati ya hizo.

Alasiri hiyo duka la Herminia la kutengeneza cherehani lilikuwa kimya. Mdogo wake, Delfina, alijaza tena maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai yao ya majani inayonywewa kwa mrija, akampa, akauliza kama mzee Urrutia amekwisha kunaswa.

"Bado."

Miaka kumi na miwili nyuma, Herminia alipeleka kwenye chama cha watazama nyota mchoro wa alichokiona kwa darubini yake: asteroidi iliyofifia ghafla kisha ikarudi kung'aa, kama iliyozibwa na mwezi wake mdogo. Urrutia aliutupia jicho mara moja. "Bibi, huo si mwezi, ni umande. Futa kioo chako, urudi kwenye cherehani." Ukumbi ukacheka. Baada ya miaka mitatu watu wa ng'ambo waliutangaza mwezi uleule, na jina la Herminia halikuwamo.

Sasa Urrutia alikuwa na mwezi wake wa kutangaza Jumamosi. Kwa desturi ya chama, picha huwekwa wazi wiki nzima ili wanachama wazipime upya. Mwenye hoja huisema mkutanoni. Za Urrutia hazikuwa na mpimaji. Nani angethubutu?

Herminia alithubutu. Katika picha za usiku wa kwanza, alipotumia nyota nyingine nne, kufifia kulitoweka. Za usiku wa pili vilevile. Nyota ya Urrutia ndiyo iliyokuwa ikipanda na kushuka mwanga. Kila ilipozidi kung'aa, asteroidi ilionekana imefifia.

"Mwandikie leo, dada. Asiaibike mbele za watu."

"Mimi nani aliniandikia? Acha asimame, apigiwe makofi. Wakimaliza nitainua mkono."

"Una roho ya kinyongo wewe."

"Ninayo, na nimeilea miaka kumi na miwili."

"Na picha za usiku wa tatu zikikukatalia?"

Herminia alinyonya yerba polepole. Kama kufifia kungebaki, mwezi ungekuwa wa kweli, naye angepiga makofi pamoja na wenzake.

"Yeye alinihukumu kwa jicho moja," alisema. "Mimi nitapima hadi picha ya mwisho."

Mteja aliingia akikokota cherehani. Zilibaki picha sitini na tatu. Herminia alichomeka penseli daftarini, juu ya karatasi aliyokwisha kuiandika kwa ajili ya Jumamosi: Profesa, futa kioo chako. Akafunga kompyuta hadi kesho.