Mwewe wa Picha ya Thelathini na Saba

Filamu ya kamera huandikwa picha thelathini na sita, lakini Ekisa hakukubali kuishia hapo. Ukiiweka filamu kibahili, kivulini, ukaacha ulimi mfupi tu wa kushika meno ya gurudumu, unabakiwa na nafasi moja ya ziada mwishoni. Wapiga picha wote wa Malaba waliijua nafasi hiyo, na wengi wao waliiuza kama zile nyingine. Ekisa hakuiuza. Zile thelathini na sita zilikuwa za watu: madereva walioegemea malori yao, maharusi wa Amagoro, watoto wa kipaimara, akina mama waliovuka kutoka Uganda wakitaka picha ya kupelekea jamaa. Ya thelathini na saba ilikuwa ya mwewe.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Kirusi, nzito, ngozi yake imebanduka pembeni, na alikuwa ameinunua kwa dereva aliyechoka kuibeba. Ilikuwa na lenzi moja tu, fupi. Wageni waliopitia mpakani na lenzi ndefu kama dohani waliweza kumpiga ndege akiwa mbali mawinguni. Ekisa ilibidi amngoje ndege aje mwenyewe, na kwa hilo Malaba ilimfaa kuliko mji wowote. Panapo msururu wa malori pana watu wanaokula wamesimama, na panapo watu wanaokula wamesimama pana mwewe. Walizunguka juu ya reli tangu asubuhi, kisha mmoja anashuka, na dereva anabaki akitazama vidole vyake vitupu.

Aliyewachukia kupita wote alikuwa Akiror, mkewe Ekisa, aliyeuza chapati na nyama ya kukaanga kando ya msururu ule ule. Miaka kumi alikuwa akipigana nao kwa mwiko. Alizijua tabia zao zote, nani ana mkia uliochanika, nani hupenda kuja kutokea nyuma, na alipowatukana alichanganya Kiteso, Kiswahili na maneno ya Kiganda aliyoyaokota kwa wachuuzi wenzake. Kwamba mume wake mwenyewe aliketi juu ya kreti ya soda hatua chache kutoka hapo, akimsubiri mwizi huyo huyo ili amtengenezee picha, hilo lilimpita kimo. Alisema ameolewa na wakili wa mwewe.

Kwa miaka minne Ekisa alikuwa amejaza kopo la biskuti. Humo mlikuwa na picha ya anga tupu, anga lenye doa, mkia bila ndege, ncha ya bawa karibu na sikio la dereva wa Kisomali. Alizipenda zote, lakini hakujidanganya. Alichotaka ni mwewe mzima, mabawa wazi, jicho linaonekana. Akipata hiyo moja, alisema, kopo hilo atalifunga na picha ya thelathini na saba ataiuza kama watu wengine.

Mwaka wa tisini na sita mambo yakaharibika. Gaudencia, mwalimu wa shule ya msingi huko Amagoro, alikuja na bahasha ya picha za kipaimara cha bintiye akaiweka juu ya meza ya chapati. Hakugomba. Alisema tu kwamba hamtambui mtoto wake. Ekisa akazishika, akazisogeza puani, akailaumu maabara ya Kisumu, mashine zao, maji yao, na kijana wao mpya ambaye hakuwa amewahi kumwona. Akaahidi kupiga upya bila malipo.

Akiror alipangusa mikono, akazichukua zile picha. Watoto walikuwa ukungu mtupu. Lakini ukuta wa kanisa nyuma yao ulikuwa umetoka vizuri, tofali kwa tofali, hadi ufa uliokuwa juu ya dirisha. Maabara gani hii, akawaza, inayochafua watu na kuacha ukuta? Alingoja mpaka Gaudencia alipoondoka. Kisha akamwonyesha mumewe lori lililosimama ng'ambo ya barabara, hatua kama kumi na tano.

"Baba Vivian, nisomee namba ya hiyo lori."

Ekisa alinyoosha shingo kidogo, akasoma bila kusita: KYR, mia nne kumi na tisa.

"Hiyo imevuka jana," Akiror alisema. "Hii ni ya Uganda. Na haina hata hiyo herufi ya K."

Malori ya Malaba hukaa siku tatu nne mahali pamoja yakingoja karatasi, na Ekisa, maskini, alikuwa amezoea kuyakariri asubuhi yakiwa karibu. Ndivyo alivyokuwa akiishi karibu mwaka mzima. Jicho la kulia, lile la kamera, lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata. Alikuwa ameshaambiwa na daktari wa macho wa hospitali ya misheni kwamba ni jambo dogo, unapasuliwa leo unatoka kesho. Lakini Ekisa alikuwa na mjomba aliyetobolewa jicho na mganga fulani huko ng'ambo, akarudi akiongozwa kwa fimbo, na tangu siku hiyo habari ya kisu na jicho ilimkata miguu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa, kwa hiyo alinyamaza.

Akiror hakumcheka. Alikasirika kwa kufichwa, akageuza chapati mbili zikaungua, halafu hasira ikaisha ikabaki huruma, na huruma hiyo akaificha. Alimtaka aende hospitali wiki hiyo hiyo. Ekisa akatafuta pa kutokea, akapaona. Akasema ataenda akishampata mwewe wake, maana vipi kisu kikikosea na hajampata? Alijua vizuri kwamba miaka minne hajampata, na kwa jicho lile hatampata kamwe. Alijiona mjanja.

"Sawa," Akiror alisema. "Basi huyo mwewe nitakushikia mimi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ekisa alikuwa na kamba ya manila iliyofungwa fundo kila mita. Alikwaruza pete ya lenzi, ile ya kupangia umbali, kwa msumari mahali pa mita tatu, ili kidole kijue hata jicho lisipojua. Yeye anakaa kwenye kreti na mwanzo wa kamba, Akiror anasimama kwenye fundo la tatu na kipande cha pafu la ng'ombe kutoka kwa Olinga muuza nyama, ameinua mkono juu. Jua liwe mgongoni kwa Ekisa. Mwewe akifika kwenye mkono, amefika kwenye mita tatu, na hakuna haja ya kumtafuta kwa jicho. Kilichobaki ni wakati tu, na wakati ulikuwa wa Akiror. Akisema "sasa," Ekisa anafyatua.

Walianza kwa kamera isiyo na filamu, Jumapili baada ya misa, kwa sababu picha ya thelathini na saba huja mara moja kwa wiki na haifai kufundishia. Watu wa Malaba wakajaa kutazama. Mke wa mtu anawalisha mwewe aliowatukana miaka kumi, mume wake anawafyatulia kamera tupu, na wote wawili wako makini kama watu wanaopanga harusi. Madereva wakawa wanatoa ushauri. Ekisa alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameitarajia. Alimsikia mkewe akicheka kila pafu liliponyakuliwa, na akagundua kwamba ni muda mrefu tangu wafanye kitu pamoja kisichokuwa kazi.

Filamu ya kwanza ilileta anga. Ya pili ikaleta mkia, mkia mzuri, lakini mkia. Ekisa akaeleza kwamba akingoja neno liishe mwewe ameshaondoka, kwa hiyo atafyatua kwenye "sa", hiyo "sa" nyingine isemwe ikipenda. Akamwuliza pia anajuaje hasa wakati wa kusema. Akiror akajibu kwamba mtu aliyeibiwa miaka kumi hahitaji kufundishwa sura ya mwizi. Anamkazia macho tu mpaka afike. Faida nyingine ikaja bila kutafutwa. Ekisa akaanza kuwapimia wateja kamba kutoka kifuani pao hadi kwenye lenzi, na picha zikarudi safi, hata za binti ya Gaudencia. Watu wakadhani ni mtindo mpya umetoka Nairobi.

Filamu ya tatu iliisha Jumamosi, saa nne asubuhi, jua zuri. Ekisa alizungusha kirungu cha kasi ya kufyatua hadi mwisho wake, mia tano, akagusa mkwaruzo wa msumari, akatulia. Ndani ya kioo aliona weupe wa anga na kitu cheusi ambacho kwa hesabu yake kilikuwa mkewe. Akasikia "sa", akafyatua, na pafu likawa limekwenda. Akiror alikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye kidole gumba, akiunyonya. Wakaulizana kama wamempata. Filamu ikapanda basi la Kisumu mkononi mwa kondakta.

Bahasha ilirudi Alhamisi, Ekisa akiwa Amagoro kwenye harusi. Alipofika jioni alimkuta Akiror ameketi juu ya kreti yake, biashara ameshafunga.

"Ametokea," akasema. "Mzima."

Ekisa akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Akiror akamwambia kwa upole, akimtazama, kwamba hatampa picha aitazame kupitia ukungu kama mtu anayechungulia dirisha la bafu. Aende hospitali. Akirudi na jicho lake, atamwona mwewe wake.

Ekisa alicheka kwanza, kisha akaona si mzaha, akakasirika. Siku mbili hakuzungumza naye, ingawa alikula. Aliipekua nyumba: kopo la unga, chini ya godoro, sanduku la shule la Vivian, binti yao. Alipomwuliza Olinga kama ameiona, Olinga akasema Mama Vivian anaibeba kifuani, na huko yeye hana ruhusa ya kutafuta. Siku ya tatu shaka ikamwingia. Huenda hakuna mwewe. Huenda ni anga tena, na mwanamke huyu ameona njia ya kumpeleka kisuni. Aliligeuza hilo huku na huku. Kama hakuna mwewe, atakuwa amemkamata kwa uongo na atautumia katika kila ugomvi mpaka uzeeni. Kama yupo, basi yupo. Lakini kwa vyovyote, ili ajue, alihitaji jicho.

Jumatatu wakaenda. Kwenye benchi la hospitali, Ekisa alimwambia mkewe kwamba anaogopa sana. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na lilipotoka lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Akiror akamwambia naye anaogopa, hajalala tangu Jumamosi alipokubali kuja. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka jina lake likaitwa.

Kesho yake asubuhi muuguzi alifungua bandeji. Ekisa aliona kwanza vifungo vya sare yake, vinne, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Kisha akaona waya za dirisha. Kisha Akiror, mwenye mvi mbili tatu juu ya sikio ambazo hakuwa na habari nazo. Macho yakamlenga machozi, yote mawili, na muuguzi akamkataza kuyafuta.

Akiror alitoa bahasha kifuani, akaiweka mkononi mwake, akageuka kutazama dirisha.

Alikuwepo. Mabawa yamefunguka upana wote wa picha, kila unyoya peke yake, mdomo wa njano, kucha zimeshika pafu, na jicho jeusi lililo wazi likitazama moja kwa moja ndani ya lenzi. Ekisa alishusha pumzi. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa raha ya mtu anayelipwa baada ya kukata tamaa. Halafu akatazama pembeni mwa picha, kama afanyavyo kwa mazoea ya kazi, kuona nani ameingia.

Ni mkewe. Mkono juu, shingo ameiingiza mabegani, uso umekunjwa, na macho ameyafumba kwa nguvu zote kama mtoto anayepigwa sindano.

"Mama Vivian," alisema. "Mbona umefunga macho?"

Akiror akasema ni jua. Ekisa akamsogezea picha.

"Kila akishuka nilikuwa nafunga," akasema hatimaye. "Tangu siku ya kwanza. Huyo ndege ananiogopesha, Baba Vivian. Miaka yote namrushia mwiko nikiwa nimefunga."

"Na hiyo 'sasa' ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasikia mabawa."

Ekisa alianza kucheka polepole kwa sababu ya jicho, kisha akashindwa, na muuguzi akarudi kuwagombeza. Akasogea ukutani, akamwachia mkewe nafasi kitandani. Wakaishika ile picha kila mtu upande wake, wakamtazama vizuri mwewe ambaye siku ile hakuna hata mmoja wao aliyemwona.