Chaki Kabla ya Rangi

Kitambaa chenye mafuta ya taa kilikuwa tayari mkononi mwake, na rangi ya ubao ilikuwa bado mbichi. Mama Herufi, kama soko zima lilivyomwita kwa kazi yake ya kuandika mabango, aliyasoma tena maneno mekundu aliyoyakuta kibandani asubuhi ile: MSIMAMIZI WA SOKO NI MWIZI. Herufi zimenyooka kama askari wa gwaride. Binti yake alikuwa na mkono mzuri, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Ulianza na chaki?"

"Chaki ya nini, mama? Nilikuwa na hasira, nikaandika."

Nyuma ya binti walisimama wauza mboga wawili, wenye ubao wao. Choo cha wanawake kilikuwa na kufuli wiki ya tatu sasa, na saa nne diwani angekuja kuonana na wafanyabiashara. Walitaka aukute ubao mlangoni pa choo.

"Kaiba nini?" Mama Herufi aliwauliza.

"Hela za ukarabati. Kazila," alisema yule mnene.

"Mlimwona akizila?"

"Shoga, nani anakula hela za watu halafu akakaribisha wenzake mezani?"

"Basi andika kala choo," alidakia mwenzake.

"Choo kile? Hata kwa njaa gani?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Herufi alicheka nao kidogo, kisha kicheko kikamkauka.

Kwake kila bango lilianza kwa chaki. Mteja alisoma kwa sauti, akasema "haya ni yangu," ndipo brashi ikachovywa. Zamani hakuwa na utaratibu huo. Miaka kumi na moja nyuma alilipwa aandike ukutani kwamba muuza nyama fulani anauza mizoga. Akaandika, akatia na jina lake kwenye kona, kama mafundi wafanyavyo. Haikuwa kweli. Muuza nyama alifunga duka kesi ikiwa haijafika hata nusu. Hakimu alimwuliza Mama Herufi swali moja tu, "Uliona?" naye akajibu, "Niliambiwa." Akaamriwa aandike maneno ya kuomba radhi kwenye ukuta uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Siku nzima juu ya ngazi, yule muuza nyama amekaa kwenye kiti anamtazama mgongo. Tangu hapo hakuweka tena jina lake kwenye kazi yoyote.

Sasa akaanza kuufuta ubao.

"Wewe unaogopa tu," binti alisema. "Siku zote unaogopa. Bibi wa mchicha hanywi maji tangu alfajiri ili asibanwe mkojo. Na hilo tulinyamazie?"

"Naogopa, ndiyo. Nimekuzaa wewe mmoja. Lakini sikusema tunyamaze." Akamwekea kipande cha chaki kiganjani. "Choo kimefungwa tangu lini?"

"Tarehe tatu."

"Uliona?"

"Nilikuwepo. Nilikwenda nikarudi."

"Ufunguo anao nani?"

"Anao yeye, kauning'iniza kiunoni. Soko zima linauona."

"Haya. Andika hayo."

Binti aliandika kwa chaki. Wauza mboga wakasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno: CHOO CHA WANAWAKE KIMEFUNGWA TANGU TAREHE TATU. UFUNGUO ANAO MSIMAMIZI. TUNAULIZA: KWA NINI?

"Haya ni yetu," alisema yule mnene, na safari hii hakucheka.

Rangi ikafuata chaki.

Saa tatu na nusu ubao ulikuwa umeegemea mlango wa choo. Msimamizi alifika kabla ya diwani, jasho limemtoka shingoni.

"Nani kaandika hii?"

Wauza mboga wakatazama ndala zao. Binti alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Mimi, mzee."

"Wewe? Kazi ya namba za vibanda nakupa mimi kila mwaka, halafu unanichafulia jina? Futa, au tukutane mahakamani."

Alishika ukingo wa ubao. Namba za vibanda ndizo zilizomsomesha huyu binti.

"Mahakamani napajua, mzee," alisema. "Nitaulizwa kama niliona. Kitambaa hiki hapa. Nionyeshe neno lisilo la kweli, nilifute sasa hivi mbele yako."

Msimamizi alisoma. Akarudia. Mkono wake ulikwenda kiunoni, funguo zikalia kidogo, na wanawake wote wakageukia sauti ile.

"Bango halina hata jina," alisema mwishowe. "Mtu wa kweli angeweka jina lake."

Kwa mbali walisikia gari la diwani likipiga honi getini. Mama Herufi aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Binti hakuuliza anataka nini. Alichagua brashi ndogo kuliko zote, ile iliyokauka kwa kutotumika, akailainisha kwa mafuta na kumpa.

Mama Herufi akapiga goti kwenye kona ya chini. Safari hii hakuanza na chaki. Alipomaliza, tone la rangi lilijikusanya chini ya herufi ya mwisho, likavimba, likaning'inia. Hakulifuta. Alikinga kidole chake chini yake, akangoja.