Maksai wa Upande wa Kushoto

Watu wanaouza vitu mtandaoni hapa Mikumi huandika matangazo kama wanaomba kura. Mali safi. Bei poa. Karibuni wote. Godoro, asali, pikipiki, mkeka, vyote vina maneno hayohayo, halafu mtu anakuja kunilalamikia kwamba simu hazipigwi, au zinapigwa na watu wanaouliza tu. Mimi ninaitwa Bibiana. Kazi yangu ni kuwapigia wauzaji picha na kuwaandikia matangazo, kwenye kichumba changu nyuma ya stendi, na sina subira kabisa na hiyo "karibuni wote". Wote ni nani? Ukiuza kiatu kikubwa cha mwanamume, mwenye mguu mdogo unamkaribisha aje kufanya nini?

Kwa hiyo huwa naanza na swali ambalo wateja wangu hawalipendi: hiki kitu hakimfai nani? Nikishajibiwa, naandika kasoro juu kabisa, kabla ya sifa. Tangazo zuri linafukuza watu. Wakibaki wawili waliosoma mpaka mwisho na bado wanataka, basi umeshauza.

Mzee Malimi aliletwa kwangu na binti yake, Juliana, anayekaanga chipsi jirani yangu. Alikuwa mzee mrefu, Msukuma, amevaa koti la suti juani na fimbo ameishika mkononi. Nilipoiona ile fimbo uso ulinikunjamana wenyewe. Kwetu ni Tindiga. Mwaka ule ng'ombe wa wafugaji walipoingia shambani kwa mama walikula mpunga ukiwa umeanza kubeba, na mama, mtu mzima, alikaa ukingoni mwa jaruba akilia kwa sauti. Najua si haki, maana huyu alikuwa mtu wa Msowero na wale ng'ombe hawakuwa wake. Lakini ndivyo nilivyohisi na sina haja ya kuficha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

Hakukaa, nyonga ilikuwa inamsumbua. Juliana ndiye aliyeeleza. Baba yake alikuwa anahama Msowero kuja kuishi naye hapa Mikumi, kwa sababu hawezi tena kulima wala kuchunga. Ng'ombe wengine wameshauzwa, nyumba ina mwenyewe mpya, na amebaki maksai mmoja tu. Juliana alikuwa amemtangaza mwenyewe. Akanionyesha tangazo lake kwenye simu: ng'ombe kapigwa picha ya ubavu, kiwiliwili chote, chini kaandika, "Mnono, nyama tupu, bei maelewano, karibuni wote."

"Wanapiga?" nikamuuliza.

"Wanapiga mno. Wenye bucha."

"Sasa si vizuri?"

Hapo mzee akasema, bila kunitazama, "Huyo si nyama. Huyo ni mfanyakazi."

Nikataka kucheka, sikucheka. Nikamuuliza swali langu, hafai kwa nani. Nilidhani atabishana nami kama wenzake wote, kumbe yeye alikuwa na jibu. Walikuwa wawili, akasema, Dereva na Konda. Dereva alifungwa nira upande wa kulia, ule unaotembea ndani ya mtaro wa jembe. Konda alifungwa kushoto, kwenye ardhi ambayo bado haijalimwa. Wamelima hivyo tangu walipofundishwa, na ng'ombe akishazoea upande wake habadiliki tena. Masika iliyopita Dereva aliumwa na nyoka akafa. Konda peke yake hawezi kulima. Mwenye jozi kamili hamhitaji, asiye na ng'ombe hana wa kumfunga naye. Kila anayemtazama anaona kitoweo.

"Kwa hiyo anamfaa mtu aliyefiwa na wa kushoto akabaki na wa kulia," nikasema.

"Ndiyo huyo."

"Na wewe unataka nimtafute mtu huyo mmoja katika wilaya nzima."

"Juliana kaniambia ndiyo kazi yako."

Nilimpenda hapohapo, na nikajikasirikia kwa kumpenda.

Nilipokwenda Kilosa kwa shughuli zangu nilipanda bodaboda hadi Msowero nikapige picha mpya. Sikumpiga ubavu. Nilipiga shingo, pale nira ilipokuwa imelala miaka yote ikaacha ngozi ngumu isiyo na manyoya, kwa sababu mtu anayelima ataelewa picha hiyo na mwenye bucha hataelewa. Nilipiga nira yenyewe, Konda kafungwa kushoto, kulia hakuna kitu. Aliposogezwa kwenye nira aliingiza shingo mwenyewe, akasimama akisubiri. Mzee Malimi akaenda kusimama upande ule mtupu akashika ncha ya mti wa nira, akijifanya anaushikilia usianguke. Hiyo picha sikuitumia.

Tangazo niliandika hivi:

"Maksai mmoja, wa upande wa kushoto tu. Si wa kuchinja, mwenye bucha asipige. Hamfai mwenye jozi kamili wala asiye na ng'ombe. Ukimfunga kulia anakataa. Umri umesogea kidogo, meno bado yapo. Hapigi teke, hachomi kwa pembe, mtoto anaweza kumshika kamba. Anamfaa mtu aliyebakiwa na maksai wa kulia aliyefundishwa. Kama ni wewe, unajijua. Yuko Msowero, Kilosa. Jina lake Konda."

Nililiweka sokoni mtandaoni na kwenye WhatsApp yangu pia, maana ndugu zangu hawaendi kwenye masoko ya mtandaoni lakini kwangu huchungulia kila siku kuona nimekula nini.

Simu zikakoma kabisa. Juliana akaacha mafuta yake ya chipsi yakichemka, akaja kunifokea kwamba zamani walau walipiga. Nikamwambia avumilie. Nilisema kwa ujasiri mkubwa kuliko niliokuwa nao. Yule aliyenunua nyumba kule Msowero alishaanza kuleta vyombo vyake, na mwenye bucha mmoja alikuwa ametoa neno la mwisho: Jumamosi anakuja na gari lake, kama mzee hataki basi. Mzee alikuwa ameacha kula vizuri. Nilianza kujuta kwamba nimefukuza watu mpaka sikubakiza hata mmoja.

Ijumaa akapiga baba yangu mkubwa, Ditram, kutoka Tindiga.

Baba mkubwa Ditram ndiye aliyekuwa akisimama kwenye kila kikao cha kijiji kudai wafugaji waondoke. Hawasalimii. Akikutana nao njiani hutazama mpunga. Nilijua maksai wake wa kushoto alivunjika mguu akachinjwa, nilikula nyama yake, lakini sikuwahi hata kuwaza kumpigia.

"Bibiana, huyo Konda wako ni nani anamuuza?"

"Mzee Malimi wa Msowero, baba."

"Msukuma."

"Msukuma, baba."

Nikasikia kuku wanalia kwake. "Mvua zinakaribia," akasema. "Wenye trekta hawashughuliki na kashamba kama kangu. Na Mheshimiwa wangu anakaa tu zizini ananenepa." Mheshimiwa ndiye maksai wake wa kulia. "Haya. Ng'ombe hana kabila. Niagizie."

Walipatana kupitia kwangu, huyu akisema neno namfikishia yule. Mzee Malimi aliponisikia nikimwambia kwamba mnunuzi ana wa kulia, aliniomba nirudie, kisha akasema "wabeja", ambayo ni asante ya kwao. Kibali cha kumsafirisha kikatoka, Konda akapakiwa kwenye kigari cha kirikuu, nami nikaenda Tindiga kumpokea. Bidhaa ninayoiandikia napenda kuiona inafika. Tena nilitaka kuona mtu na kitu chake wakikutana, nijisifu kidogo.

Asubuhi yake walimfunga nira pamoja na Mheshimiwa. Konda aliingia kushoto bila kuambiwa, akanusa shavu la mwenzake, akatulia. Majirani walikuwa wamejaa ukingoni mwa shamba, maana habari ya Ditram kununua kwa Msukuma ilikuwa imetembea. Baba mkubwa akashika jembe.

"Twende!"

Mheshimiwa akavuta. Konda akasimama.

"Twende, Konda!"

Nira ikapinda. Mheshimiwa akazunguka nusu mduara akijivuta mwenyewe, jembe likaanguka ubavu. Baba mkubwa akajaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akachapa. Konda alipochapwa alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alipiga magoti ya mbele, kisha akalala, taratibu, na nira shingoni, macho wazi, kama mtu aliyeamua kungoja.

"Ditram, umeuziwa kitoweo!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka. Mwingine akasema ndivyo Wasukuma walivyo, wanakupa kilema kwa bei ya mzima.

Baba mkubwa aliliacha jembe akanijia. "Tangazo umeandika wewe. Umeandika anafanya kazi. Umeandika mpaka mtoto anaweza kumshika!" Mbele ya watu wote, mimi niliyejifanya mwalimu wa kuandika kasoro. "Sasa sikiliza. Kesho asubuhi anakwenda buchani, nirudishe changu. Na huyo mzee mwambie nimemjua."

Niliona aibu, na kabla ya aibu niliona hasira. Nilimpigia Mzee Malimi nikamwambia bila salamu, "Mzee, Konda amelala chini. Hataki kulima. Wanataka kumchinja. Kuna nini ambacho hukuniambia?"

"Amelala? Ana homa?"

"Haumwi. Anaambiwa twende haendi."

"Anaambiwaje?"

"Anaambiwa twende!"

Mzee akasema polepole, kama mtu anayeona kitu kilichokuwa mbele yake siku zote, "Mwanangu, huyo hajawahi kusikia Kiswahili. Tangu ndama. Mimi naye tunaongea Kisukuma tu."

Mimi nilimuuliza pembe, meno, teke, umri, upande. Sikumuuliza lugha, wala yeye hakuiona kuwa jambo la kusema. Nilimpigia picha shingo nikidhani nimemaliza yote.

"Weka sauti kubwa, msogezee," akasema.

Nikaweka sauti kubwa nikachuchumaa karibu na kichwa cha Konda. Mzee Malimi akatamka neno moja fupi, lenye kuvutwa mwishoni. Masikio ya Konda yakasimama yote mawili. Akainuka kwa mara moja, udongo ukimdondoka magotini, akageuza shingo na nira yake akaitazama simu, kisha akatazama nyuma yangu, kule njia ilikotokea.

Ukingoni hakuna aliyecheka tena.

"Hilo ndilo la kuondoka," nikamwambia baba mkubwa. "Liseme wewe. Yuko hewani, atakufundisha."

Baba mkubwa alitazama simu. Alitazama majirani zake, watu aliowaongoza kwenye vikao vyote vile. Nilifikiri atatema mate aondoke, na nilishaanza kumchukia kwa hilo kabla hajalifanya. Akavua kofia, akafuta uso kwa kofia ileile, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba, mdogo wangu," ikajibu simu.

"Hilo neno. Niambie tena, taratibu."

Mzee akamwambia, baba mkubwa akalirudia vibaya, mzee akamsahihisha. Likaja la kusimama. Likaja la kugeuka kushoto, lililomshinda ulimi kabisa, na mwanamke mmoja ukingoni akamsaidia kulitamka, tukagundua kumbe Kisukuma alikijua siku zote. Kisha baba mkubwa akanirudishia simu, akashika jembe kwa mikono miwili, akaita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia vikaoni. Konda hakusogea. Alikuwa bado anaitazama simu mkononi mwangu. Baba mkubwa akaita tena, mara hii akavuta mwisho wa neno kama alivyofundishwa, na Konda akashusha kichwa, akavuta. Mheshimiwa akavuta naye. Udongo ukaanza kufunguka nyuma yao, mweusi, mnyoofu, mpaka mwisho wa shamba.

Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. "Anakwenda, babu," nikamwambia simuni. "Anavuta vizuri. Wamefika mwisho, sasa wanageuka. Wanakuja huku. Ngoja nikusogeze wakipita umsalimie."

"Hapana," akasema Mzee Malimi. "Kata simu, mwanangu. Akinisikia tena atanitafuta."