Jina Chini ya Ukurasa

Katika rasimu nzima lilibaki pengo moja, upana wa kidole, mahali palipostahili jina la mwanamke. Mfasiri alikuwa ameliruka mara tatu. Mjane wa kwenye Biblia, aliyefiwa ugenini na mume na wanawe wawili, anarudi kwao na kuwakataza wanawake wenzake kumwita kwa jina lake lenye maana ya utamu. Anataka jina lenye maana ya uchungu. Lakini katika lugha ya upande wa mama yake mfasiri, ambayo wazungumzaji wake hawakufika mia mbili, majina yote mawili yalikuwa sauti tupu, maganda yasiyo na kokwa.

Akaenda kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyeijua lugha ile kuliko wote waliobaki.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kuchota neno gani? Kisima chenyewe ndicho hiki kinakauka."

Mfasiri akamsomea. Sindano ikasimama katikati ya kifungo.

"Kwetu uchungu una maneno mawili," mama mdogo alisema hatimaye. "Upo wa dawa, ukinywa maji unakwisha. Na upo ule ambao hata maji unayanywa machungu." Akalitamka neno la pili taratibu. "Huyo alitaka hili. Enhe, wenzake wakamwitaje?"

Mfasiri alipekua kurasa, ingawa alizijua. "Waliendelea na jina la zamani."

"Najua. Jina halimuumi anayeita, humuuma anayeitika."

Ndipo lilipomchoma. Wale pacha wa mama mdogo walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, wote katika juma moja, wakiwa na miaka tisa. Ilikuwa imepita miaka ishirini na sita, na ukoo mzima ulikuwa bado ukimwamkia mama yao kwa misiba miwili. Naye mfasiri, aliyekula mshahara wa kupima uzito wa maneno, hakuwahi kuliweka hilo kwenye mizani.

Mbele ya kamati ya tafsiri alilitetea lile neno la pili mpaka koo likamkauka. Mwenyekiti, mchungaji mpole, alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu, majina hayatafsiriwi. Tukianza na huyu, tutaishia wapi? Maana iweke kwenye tanbihi."

Mikono saba ikainuka kukubali. Wake ulibaki pajani.

Aliporudi kwa mama mdogo, alibisha hodi tu, bila kumtaja.

"Neno lako limeingia. Chini ya ukurasa."

"Kwa herufi ndogo?"

"Ndogo."

"Na huko chini husoma nani?" Mama mdogo akakata uzi kwa meno. "Haya. Mimi nami nimeishi huko huko."

Mfasiri akaketi sakafuni, karibu na miguu yake.

"Nikuite nani, mama?"

Mama mdogo alikunja shati alilokuwa akilishona, akalikunjua, akalikunja upya. Kisha akataja jina alilopewa siku aliyozaliwa, ambalo mfasiri hakuwahi kulisikia hata siku moja. Mkono wa mfasiri ukaifuata kalamu.

"Usiliandike," mama mdogo alisema. "Liite."

Akaliita. Akakosea irabu ya mwisho. Mama mdogo akatikisa kichwa, akalirudia kwa sauti iliyokwaruza, akangoja.

Mfasiri akavuta pumzi, akajaribu tena.